Waya wa Uani

Jumatatu, 7 Mei 2007

Limefika! Boksi lenyewe limekuja na basi la Mwanza, limekaa juu ya gunia la dagaa safari nzima. Fayawoli yetu inanuka dagaa. Justina, mchapaji wetu, kaziba pua, kasema kwa harufu hii virusi wenyewe watakimbia, hata haina haja ya kuwashwa.

Niandike kwa nini tumeinunua, nisije nikasahau nikadhani ni ushamba tu. Duka letu la steshenari na intaneti lina kompyuta sita, printa moja, dishi juu ya bati, jenereta ya umeme uani, na ruta moja inayogawa njia kwa wote. Kampuni ya dishi, huko Dar, ilituandikia mwezi uliopita: mashine zenu zina virusi, zinatapika barua chafu kwa maelfu kwenda dunia nzima. Fungeni fayawoli, kifaa cha kukagua kinachoingia na kutoka, na kila anayeingia mtandaoni ajulikane kwa jina. La sivyo tunakata laini.

Fundi ni mimi. Cheti cha miezi minne, Mwanza, kipo ukutani. Fremu ni kubwa kuliko cheti.

Mzee Audax, mwenye duka, kaniuliza kidude hiki kinafanya nini. (Mzee ni kaka yake marehemu baba. Ndiye aliyenilea. Nyumbani namwita Baba, dukani Mzee.) Nikamwambia: "Ni irembo, Mzee." Kaelewa papo hapo! Kwetu Wahangaza kila mji una irembo lake, lango la mbele. Mgeni anasimama pale, anapiga hodi, anataja jina, anasubiri. Anayepita nyuma ya nyumba ni mwizi, au ana shughuli na mke wa mtu. Mzee kacheka mpaka kakohoa. Kasema haya, tufunge irembo, tuone nani atapita nyuma.

Nimejisifia sana ule mfano. Mwalimu mzima!

Jumanne, 8 Mei

Sina hamu.

Saa tatu asubuhi nimewatoa wateja nje, nikawaahidi nusu saa. Saa kumi jioni bado nimelala chali chini ya meza. Kitabu cha maelekezo kina lugha kumi na moja, Kiswahili hakimo, na Kiingereza chake kimeandikwa na mtu anayenichukia binafsi. Waya wa ruta nimeuchomeka tundu la ndani, wa kompyuta nimeuchomeka tundu la nje. Yaani irembo limeitazama nyumba na kuipa barabara mgongo. Saa tatu nzima nasubiri taa!

Nimegeuza. Bado. Nimempigia Shilinde, tulisoma naye Mwanza, yeye sasa ni fundi wa kweli. Kauliza ruta ina namba gani. Nikamsomea. Na fayawoli? Nikamsomea. Namba ileile. Kacheka hadi vocha yangu ikaanza kuisha. Kasema nyumba mbili mmezipa namba moja, tarishi apeleke barua wapi? Ninyi watu wa milimani mna matatizo.

Nimebadilisha namba ya fayawoli upande wa ndani. Taa ikawa kijani! Nimeruka kwa furaha, chini ya meza. Nundu ninayo hapa ninapoandika.

Sasa ukifungua intaneti unaletewa kwanza ukurasa wa bluu: Jina? Neno la siri? Ukijibu, unapita. Wateja wote sita wa jioni wamejibu bila kulalamika. Mmoja kaniita injinia. Sikumsahihisha.

Jumatano, 9 Mei

Mzee kaja baada ya misa, kakaa kwenye mashine yake asome magazeti. Ukurasa wa bluu. Jina?

Kaniita. Si kwa kelele. Kaniita taratibu, jina zima la ubatizo: Leonidasi. Afadhali kelele.

Kasema irembo kanunua yeye. Nyumba kajenga yeye. Sasa irembo linamuuliza yeye ni nani? "Mwenye mji hakaguliwi kwenye irembo lake. Umeona wapi?"

Nilichopaswa kusema: Mzee, mashine yako ndiyo yenye virusi kuliko zote, kwa sababu kila barua inayokwambia umeshinda gari, wewe unaibonyeza. Nilichosema: "Ndiyo, Mzee. Samahani, Mzee." Mtu aliyenilipia ada na kunifundisha kufunga kamba za viatu, nimwambie abishe hodi kwake? Hata Shilinde hajasomea hilo.

Basi nikauchomoa waya wake nikauchomeka kwenye ruta moja kwa moja, huko nje, mbele ya fayawoli. Kapita bila kuulizwa. Raha. Dakika kumi baadaye kataka kuchapa tangazo la ibada — printa haimjui! Printa iko ndani na wenzake, yeye nimemtoa nje. Nikamrudisha ndani kwenye swichi, pale nyaya zote zinapokutana. Kisha nikachukua kipande cha waya, sentimita arobaini tu, nikakipitisha nyuma ya kabati kutoka kwenye ruta mpaka kwenye swichi. Mashine yake nikaiambia ipite huko.

Anasoma, anachapa, haulizwi. Kila mtu kafurahi. Mimi ni kichwa, jamani!

Alhamisi, 10 Mei

Leo Alhamisi, nimevaa shati la pasi. Justina kaniangalia juu mpaka chini, kaenda kuleta chai akiimba.

Akimana kaja saa tano, na kibali chake cha siku moja kimekunjwa ndani ya Biblia. Ni mwalimu wa shule ya kambi ya wakimbizi, mjane, watoto wawili. Miezi minne sasa anakuja kila Alhamisi kumwandikia kaka yake, Ndayisenga. Ndayisenga alitangulia kurudi kwao Muyinga, ng'ambo ya mpaka, kuangalia itongo lao, shamba la baba yao. Kakuta familia nyingine imejenga humo. Wazee wa kule walipanga kuamua kesi mwezi huu. Simu yake haipatikani siku hizi, lakini kuna mahali pa intaneti mjini, huandika kutoka huko.

Jina la Akimana limo kwenye orodha ya lori la kuwarudisha wakimbizi kwao, Ijumaa tarehe 25. Kaniambia kwa sauti ya chini, kama anayenipa siri. Kaka akiandika "njoo", atapanda na watoto. Akiandika "usije kwanza", inabidi akafute jina kabla ya Alhamisi tarehe 24 saa kumi jioni, orodha inapofungwa. Nikamuuliza, asipoandika? Kasema lori haliulizi.

Kaandika barua fupi: Wameamuaje? Nijibu kabla ya tarehe 24. Ukurasa wa bluu ulipomuuliza jina, kaliandika upesi bila kusoma swali. Nimelitambua hilo, sijui kwa nini limenikaa kichwani.

Sitaki aende. Nimeliandika, basi. Halafu naomba kaka yake amwambie "njoo", kwa sababu ndicho anachokitaka yeye. Mtu mzima kuwa na maombi mawili yanayogombana!

Ijumaa, 11 Mei

Mzee kawaleta wazee wenzake wawili wa parokia kuiona fayawoli. Kawaonyesha taa ya kijani. Kawaeleza habari ya irembo kama vile mfano ni wake. Mmoja kauliza inakula nini.

Jumatatu, 14 Mei

Intaneti inatambaa kama konokono. Nimewaambia wateja ni mawingu.

Justina kauliza mbona leo mashine namba mbili haimuulizi jina. Nikafikiri kidogo, nikamjibu kwa uhakika kabisa: imeanza kukuzoea. Kasema, kama mbwa? Nikasema ndiyo, ni teknolojia mpya. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 17 Mei

Akimana kaja, hakuna barua. Namba mbili imefungua bila kuuliza jina, namba nne imeuliza, namba tano imegoma kabisa. Yeye katulia tu. Kafungua kikasha cha barua mara tatu, kila mara kakunja mikono na kusubiri. Zamani za shule mimi nilisubiri matokeo hivyo, ila mimi nililia.

Nikamwambia, wiki ijayo itakuwepo. Akanitazama. "Unajua au unanipooza?" Nikasema nakupooza. Kacheka! Mara ya kwanza naona ana pengo pembeni.

Jumamosi, 19 Mei

LAINI IMEKATWA.

Kampuni imepiga simu. Barua chafu zimeongezeka mara mbili tangu tufunge fayawoli! Dada wa Dar kaniuliza kwa upole kama nina uhakika kidude kimewashwa. Nikamwambia taa ni ya kijani. Kasema hata jokofu lina taa. Hawafungui mpaka siku nzima ipite bila mashine zetu kutapika. Njia wameifunga, lakini kinachotapikwa bado wanakiona kwao.

Mzee kasema Dar ni wezi. Nikaitikia: wezi, Mzee.

Leo ni tarehe 19. Nahesabu siku kwa vidole kama mtoto.

Jumatatu, 21 Mei

Nimewasha mashine moja moja na kuandika kila kitu kwenye karatasi, hivyo ndivyo Shilinde alivyonielekeza. Kasema kila mashine ikiamka inauliza, nani ananipa njia? Anayejibu kwanza ndiye inayemfuata. Hapo kwenu anayejibu ni mmoja tu, fayawoli, sivyo?

Namba moja: kajibiwa na fayawoli. Namba mbili: kajibiwa na ruta. Namba tatu: fayawoli. Namba nne: ruta. Ruta imewafikiaje huku ndani? Nikaanza kumlalamikia Shilinde kwamba tumeuziwa irembo bovu — huku namlalamikia, mkono wangu umeshafika nyuma ya kabati. Umeshika kitu. Sentimita arobaini.

Nimekaa sakafuni.

Ni mimi. Kijia cha uani nilikichimba mimi, kwa heshima, kwa ajili ya mtu mmoja asiulizwe jina. Na njia haijui heshima, wanapita wote. Virusi vya mashine ya Mzee vinatoka kwa raha, nusu ya wateja wanapita hukohuko, na fayawoli imekaa pale mbele siku kumi na mbili na taa yake ya kijani, inalinda kiti. "Imeanza kukuzoea"! Najikumbuka nikisema vile, nataka kujifukia.

Justina kanikuta pale chini. Nikamweleza, hakucheka, na hiyo ndiyo imeniumiza. Kauliza swali moja: utamwambia Mzee leo?

Nikasema leo.

Sikumwambia.

Jumanne, 22 Mei

Nilijipanga njiani. Maneno yote ninayo. Shikamoo, Mzee. Marahaba. Mzee, kuna jambo. Ndiyo, sema. Nikasema: "Mzee, hilo koti limekupendeza."

Limempendeza! Nina miaka ishirini na tisa.

Koti alilivaa kwa sababu anasafiri. Kaondoka saa nne kwenda Nyabusozi, Biharamulo, ubatizo wa mjukuu, anarudi Alhamisi. Nimembebea begi mpaka stendi. Nafasi ilikuwepo njia nzima, tulikuwa wawili tu. Tumeongea habari za bei ya mbuzi.

Kurudi dukani Justina kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kasema mficha uchi hazai. Kasema kama naogopa, yeye atampigia Mzee simu amwambie, na Akimana akija Alhamisi akakuta giza, nitamweleza mimi mwenyewe kwamba kesi ya itongo lake imekwama kwa sababu ya adabu zangu.

Nimeuchomoa ule waya. Saa sita na dakika kumi mchana. Ulitoka kirahisi, tki! Nilitegemea angalau cheche.

Ndiyo, nimesubiri Mzee asafiri ndipo nikauchomoa. Naona. Niliuweka kwa woga, nimeutoa kwa woga.

Jumatano, 23 Mei

Nimesafisha mashine ya Mzee na sidii ya kuua virusi aliyonitumia Shilinde. Virusi mia nne na kumi na sita! Printa ikawa inaandika orodha mpaka Justina akaizima. Mzee kashinda magari tisa tangu Januari.

Sasa mashine zote sita zinapita irembo, na zote zinaulizwa jina. Hata yangu. Nimepiga Dar saa saba. Dada yuleyule. Kasema tangu jana mchana kwenu kimya kabisa, mmefanya nini? Nikasema tumerekebisha. Kauliza, kilikuwa nini? Nikasema waya. Sikusema wa nani.

Wanafungua kesho saa nne.

Alhamisi, 24 Mei

Saa nne na nusu. Laini haijarudi. Nimevaa shati la pasi, kifua chote kimelowa jasho.

Saa tano. Akimana kafika. Lori la kurudi kambini linaondoka saa nane, orodha inafungwa saa kumi. Mizigo kashafunga. Kasema kafunga kwa kamba za kufungua kirahisi. Nikamweleza kwamba hakuna laini tangu Jumamosi, na kosa ni langu. Nimemweleza lote, waya, kabati, Mzee. Maneno yametoka bila shida! Kumbe tatizo langu ni mtu mmoja tu duniani.

Kasikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu. Kauliza tu, barua ikiwa ilikuja Jumapili, ipo bado? Nikasema ipo, inasubiri. Kasema basi na mimi nasubiri. Kakaa namba tatu.

Saa sita kasoro. Imerudi! Taa zote! Justina kapiga vigelegele, mteja wa fotokopi kashtuka kadondosha vyeti vyake. Laini nyembamba lakini ipo, kila kitu cha tangu Jumamosi kinataka kupita kwa wakati mmoja. Akimana kaandika jina lake. Ukurasa wa barua unakuja mstari kwa mstari.

Naandika haya hapahapa kaunta, maana nisipoandika nitaenda kusimama nyuma yake.

Mzee kaingia. Hajapita hata nyumbani, vumbi la Biharamulo mpaka kwenye kope. Nimempokea begi, shikamoo Mzee, marahaba, mtoto kabatizwa, kaitwa Domisiana kama bibi yake. Kaenda moja kwa moja kwenye mashine yake.

Ukurasa wa bluu.

"Leonidasi."

Nimekwenda. Nimesimama mbele yake. Nimesema: Baba. (Dukani! Imenitoka tu.) Nikasema, Baba, waya wako nimeuchomoa mimi. Laini haikukatwa na wezi, ilikatwa kwa sababu nilikuchimbia njia ya uani, na mashine yako ndiyo ilikuwa inatapika. Nilijua tangu Jumatatu, nikaogopa kukwambia. Sikuurudisha na sitaurudisha.

Jenereta inasikika huko nje. Mzee kaangalia kioo, kaniangalia mimi, kaangalia kioo. Kasema polepole, kama anajisemea: "Naulizwa jina. Kwangu."

Akimana hakugeuka. Kasema, macho yapo kwenye mashine yake: "Shikamoo, Mzee. Andika tu. Haliumi. Mimi tangu mwaka tisini na sita kila geti naandika."

Hakusema kwa ubaya. Kasema kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo.

Mzee hajaitikia marahaba. Kavua kofia. Kaweka kidole kimoja kwenye vitufe, anatafuta herufi. A. Anatafuta tena. U. Mimi nimerudi kaunta.

Namba tatu jina limetokea, Ndayisenga, barua ya Jumapili tarehe 20. Ipo! Maneno bado hayajaja, ni kichwa tu na weupe chini yake. Akimana kaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Jenereta imekohoa.

Petroli! Asubuhi ndiyo kazi yangu kujaza, na asubuhi nilikuwa napiga pasi shati. Taa zimefifia, zimerudi. Imekohoa tena. Justina kasimama, mimi nimesimama, Mzee katutangulia wote. Kaliacha jina lake nusu kwenye kioo, A-U-D, kashika dumu, katoka mlango wa nyuma.

Namwona kutoka hapa. Pale ukutani juu ya jenereta kuna karatasi niliyoibandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: ZIMA KABLA YA KUMIMINA, HATA KAMA NI NANI. Akizima, barua imepotea, na kwa laini hii kuipata tena ni saa nzima au zaidi.

Kaisoma. Kageuka, kanitazama, kautazama mgongo wa Akimana.

Kafungua mfuniko. Jenereta bado inanguruma. Anamimina kidogo kidogo, mkono umetulia, uso kaupeleka pembeni. Namba tatu mstari wa kwanza umefika, Akimana anasogeza midomo. Wa pili unakuja.